Namna ya kuuza spea za gari la spoti ulilolifumua: mwongozo kutoka Malindi

Mdogo wangu aliponipigia simu kutoka Doha na kuniambia, "Kaka, lifumue tu, uza kimoja kimoja," gari lake lilikuwa limekaa uani kwetu Maweni miezi minne, limefunikwa turubai. Subaru Impreza STI ya mwaka 2002, rangi ya buluu. Lori lilikuwa limelipiga ubavuni pale Msabaha, nguzo ya kati ikaingia ndani na sakafu ikapinda, na bima ilikuwa ile ya wahusika wengine tu. Mafundi watatu walilipima, wote wakasema ganda hili halinyooki tena. Lakini injini ilikuwa nzima. Giaboksi nzima. Breki za Brembo, koilova (springi na shoki za kurekebishwa urefu), rimu, intakula kubwa ya mbele (kile kipoza hewa ya turbo), ekzosi ya chuma kisichoshika kutu, vyote vizima. Vitu alivyovinunua kidogokidogo kwa miaka sita, mshahara baada ya mshahara.

Madalali wawili walikuja. Bei waliyotaja kwa gari zima haikufika hata thamani ya rimu na breki. Nikaamua kuuza kipande kwa kipande, na kazi hiyo ilinichukua miezi saba. Pesa zilizopatikana zilimpandishia mdogo wangu kuta za nyumba yake Kakuyuni, kwa hivyo sijutii hata siku moja niliyoshinda na grisi mikononi.

Mnunuzi wa spea kuukuu huja na swali moja: nitajuaje kwamba kitu hiki kinafanya kazi? Karibu kila hatua ninayoeleza hapa ni ya kujiandaa kumjibu, na majibu mengi hutayarishwa kabla hujashika spana.

Kwanza karatasi

Usifumue gari ambalo karatasi zake hazijakaa sawa. Logbuku iwe kwa jina lako, au uwe na barua ya mwenye gari pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Kama gari lina mkopo wa benki au chama, jina la mkopeshaji limo kwenye usajili, na hapo huna ruhusa ya kulivunja hadi deni liishe. Kushika mali ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya, na wanunuzi wenye akili wanalijua hilo. Mteja wangu wa kwanza wa injini, kabla ya kuuliza bei, aliuliza, "Karatasi zipo?" Nikamfungulia faili. Aliposoma namba ya chesisi na kuilinganisha na ile iliyopigwa kwenye ukuta wa injini, uso wake ukalegea, tukaanza kuzungumza kama watu.

Tafuta pia daftari gumu, la kurasa mia mbili. Kila kipande kipate ukurasa wake: jina, namba iliyopigwa juu yake, hali yake, kasoro zake, bei, jina la aliyekinunua, tarehe, na namba ya muamala wa pesa. Simu huibwa na kuvunjika. Daftari langu lilinisaidia mara tatu, na mara moja kati ya hizo lilinikinga na aibu kubwa, nitaeleza mbele.

Rekodi gari likiwa bado linanguruma

Hatua hii ndiyo ninayomsihi kila mtu asiiruke. Ukishatoa betri na kufungua soketi ya kwanza, huwezi tena kumwonyesha mtu kwamba injini ilikuwa ikiwaka.

Nilirekodi alfajiri, injini ikiwa imelala usiku kucha, kwa sababu injini baridi haifichi. Mtu akikuonyesha video ya injini iliyokwisha kupata moto, jua kuna sauti hataki uisikie. Video iwe moja bila kukatwa: anza na namba ya chesisi, nenda kwenye namba ya injini, onyesha kilomita kwenye dashibodi, halafu washa. Iache ingurume dakika kumi. Onyesha geji ya presha ya oili kama imefungwa. Zunguka nyuma uonyeshe moshi, na uweke kiganja mbele ya bomba ili mtu aone kwamba hakuna oili inayorushwa. Kwa Subaru, sogeza simu karibu na sehemu ya chini ya bloku, maana ugonjwa wanaouogopa wote ni kugonga kwa beringi za konrodi, na mlio huo husikika wazi ukipandisha mafuta kidogo kisha ukaachia.

Kama gari haliwezi kutembea, liinue magurudumu yote manne juu ya stendi imara, usitegemee jeki, kisha ingiza gia zote moja baada ya nyingine, na rivasi. Hili ni gari linalosukuma magurudumu yote. Ukiinua mawili tu na kuingiza gia, litaruka kutoka kwenye stendi, na hapo ni maisha ya mtu.

Baada ya hapo pima kompresheni. Fundi wangu alifanya hivi: injini ikiwa ya moto, akachomoa fyuzi ya pampu ya mafuta na soketi za koili, akatoa plagi zote nne. Kwenye Subaru plagi zimekaa ubavuni, kwa kuwa mitungi yake imelala, kwa hivyo ilibidi betri na mfuko wa chujio la hewa visogezwe kwanza. Akafunga geji kwenye tundu la kwanza, mimi nikakanyaga mafuta hadi mwisho, nikapiga stata hadi sindano ikaacha kupanda. Nikiwa na simu mkono wa pili niliiona ikipanda kwa mirukio, mitatu, minne, ikatulia kwenye psi 150. Mitungi mingine ikatoa 148, 150 na 146. Tofauti kati ya mtungi mkubwa na mdogo isizidi asilimia 10. Ikizidi, mwambie mnunuzi mapema na bei ishuke. Betri iwe na nguvu wakati wote wa kupima, maana betri dhaifu huzungusha injini polepole na kutoa namba za uongo.

Namba hizo nne niliziandika kwa chokaa ya maji juu ya bloku na kuziandika daftarini. Ndizo zilizouza injini.

Kufumua

Chagua majira. Sisi tulifumua Januari, kaskazi ikiwa kavu, na nashukuru hatukungoja masika. Hewa ya Malindi ina chumvi. Chuma kilichovuliwa grisi leo na kuachwa wazi, kesho kutwa kimeshaota vumbi la kahawia. Kila kitu kilichotoka kilifutwa, kikakaushwa, kikapakwa oili nyepesi, kikawekwa juu ya mbao. Usikifunge kwenye nailoni kikiwa na unyevu, kitatoa jasho humo ndani.

Gesi ya kiyoyozi ivutwe na fundi wa viyoyozi mwenye mashine yake. Oili, maji ya rejeta na mafuta ya breki uyakinge kwenye madumu, kila kimoja na dumu lake, na usimwage uani. Ardhi yetu hapa ni mchanga juu ya matumbawe, inapitisha kila kitu. Kisima cha jirani kiko hatua thelathini kutoka kwetu, na bahari yetu ni hifadhi tangu 1968.

Betri itoke kwanza, halafu ungoje angalau dakika kumi kabla ya kugusa usukani au dashibodi, kwa ajili ya mifuko ya hewa.

Wayaringi isikatwe. Fundi msaidizi alikuwa ameshashika koleo, "Hii tukate tu kaka, tutamaliza saa sita." Nikamwomba aiache. Wayaringi nzima ya injini, yenye soketi zote, ni mali inayotafutwa na kila anayehamishia injini kwenye gari jingine. Ikikatwa inakuwa shaba ya kuuzwa kwa kilo. Tulitumia siku mbili kubonyeza vishikizo vya soketi kimoja kimoja, vingine vimekauka kwa joto, tunavilainisha kwa maji ya moto kwenye kitambaa. Kila soketi ikapata kipande cha gundi ya karatasi chenye jina.

Boliti ziingie kwenye mikebe ya siagi, mkebe mmoja kwa kipande kimoja, na ziuzwe pamoja nacho. Mteja anayepewa turbo na boliti zake zote anarudi kukuletea wenzake.

Mwisho, tia alama ya siri. Nilitumia rangi ya kucha ya mke wangu, nukta ndogo mahali ambapo macho hayafiki haraka, nikapiga picha.

Vitu vinavyokwenda pamoja

Hapa nilikosea, na kosa lenyewe lilikula miezi. Siku ya tatu baada ya kutangaza, kijana wa Kilifi alitaka giaboksi ya gia sita. Nikamuuzia giaboksi peke yake, kwa furaha ya pesa za kwanza. Difu ya nyuma ikabaki. Kwenye gari la aina hii hesabu ya meno ya mbele na ya nyuma lazima zikubaliane, la sivyo mbele na nyuma zinavutana na kitu kitapasuka. Aliyenunua giaboksi akaanza kuhangaika kutafuta difu inayolingana mahali pengine, nami difu ninayo, lakini alikuwa amemaliza pesa. Niliiuza mwezi wa sita kwa bei ya kusikitisha.

Kwa hivyo tenga mafungu. Giaboksi, propela, difu ya nyuma na shafti zake ni fungu moja, pamoja na klachi na kanyagio lake. Turbo iende na manifoldi yake au angalau useme wazi mdomo wake ni wa tundu moja au mawili, maana hizo mbili haziingiliani. Kompyuta ya injini iende na ufunguo na kisanduku cha kinga ya wizi kama gari linacho, bila hivyo mnunuzi amenunua boksi la bati. Breki kubwa ziende na mabano yake na diski zake, na umwambie mnunuzi kwamba chini ya rimu ya inchi 17 hazikai.

Kuhusu kompyuta iliyoandikwa upya, nasema kwa uzito. Kama gari lilichezewa programu ili kuongeza nguvu, mpango ule uliandikwa kwa sindano zile za mafuta, turbo ile, na intakula ile. Mtu akiutia kwenye injini yenye sindano ndogo, mchanganyiko unakuwa mkavu na pistoni zinayeyuka. Mwandikie mnunuzi kwenye risiti kwamba kompyuta ina mpango uliobadilishwa, airudishe ya kiwandani au aende kwa mtu wa kuiandika upya. Niliwakatalia watu wawili ambao walionekana hawanielewi. Pesa zao zilikuwa nzuri, lakini ningelalaje?

Kukijua unachouza

Turbo: shika ncha ya shafti kwa vidole viwili. Ikicheza kidogo sana upande kwa upande ni kawaida. Ukiisukuma ndani na nje na ukahisi kitu, beringi ya kati imekwisha. Angalia ncha za mapanga kwa tochi, kama zina mikwaruzo au zimeng'oka. Turbo za IHI zina sahani ndogo yenye herufi VF na namba. Ipige picha karibu hadi isomeke.

Koilova: angalia ile nondo inayong'aa. Kama ina vidoa vya kutu, sili yake imeshaanza kukatwa na itavuja. Na nyuzi za kurekebishia urefu, huku pwani, hujaa chumvi na kuganda. Nilitumia jioni nzima na mswaki wa meno na dizeli, nikizungusha ringi nusu duara mbele, robo nyuma, hadi zote nne zikapita mwanzo hadi mwisho. Kisha nikarekodi video nikizizungusha kwa mkono. Ziliondoka wiki ile ile.

Rimu ndizo zilizonifundisha kutazama nje ya watu wa Subaru. Nyuma ya rimu utakuta maandishi: kipenyo, upana, namba ya kuingia ndani, na mpangilio wa matundu. STI za hadi 2004 zina matundu matano kwenye duara la milimita 100. Kuanzia 2005 ni milimita 114.3. Hizi za 100 zinaingia kwenye Toyota Premio na Allion nyingi zilizojaa barabara zetu, na kwenye Toyota Wish. Tundu la katikati la Subaru ni milimita 56.1 na la Toyota hizo ni 54.1, kwa hivyo mnunuzi anahitaji kizibo cha ringi ili gurudumu likae katikati lisitetemeke. Alikuja mzee mmoja na Premio nyeupe, akasimama akizitazama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hizi zitanikaa?"

"Zitakukaa mzee, ila utie ringi za katikati, na usiweke tairi nene."

Tulimjaribishia moja pale pale, tukazungusha gurudumu, halikugusa popote. Alizichukua zote nne bila kuvutana sana.

Tairi zenyewe zisome tarehe. Ubavuni kuna tarakimu nne. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Jua la hapa huzipasua zikiwa bado na meno, nami tairi iliyopasuka siuzi.

Vipaza sauti, amplifaya na boksi la besi usihangaike kuvitangaza mbali. Simama barabarani nusu saa uone tuktuk zinavyopita na muziki. Vyangu viliondoka siku moja kwa madereva wawili wa steji ya hospitali.

Usiuze hivi

Mifuko ya hewa. Magari mengi ya Japani ya miaka ya 2000, Impreza zikiwemo, yaliitwa kurudishwa kwa sababu ya vilipuzi vya kampuni ya Takata, ambavyo vikikaa miaka kwenye joto na unyevu huharibika na kurusha vipande vya chuma badala ya kujaza mfuko. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa yetu. Mikanda ya usalama ya gari lililogongwa pia usiuze, vivutio vyake huenda vimeshafanya kazi. Hozi za breki na taimingi belti, toa utupe, hata kama mteja anakubembeleza. Na kamwe usikate wala kuuza kipande chenye namba ya chesisi, maana kazi yake pekee nje ya gari lake ni kulivalisha gari la wizi.

Bei

Sina fomula. Nilichofanya ni kuuliza bei sehemu tatu kwa kila kipande: wauzaji wa Grogan kule Nairobi, duka la spea za Japani Mombasa, na wenye magari kama hilo. Spea iliyotoka kwenye nusu gari lililokatwa Japani mara nyingi huwa safi zaidi kwa kutu, hilo ulikubali. Yako ina video, namba za kompresheni na mtu anayejulikana anakaa wapi. Nilikaa chini kidogo ya bei ya Mombasa, kwa sababu mteja wa Mombasa lazima apate sababu ya kufunga safari ya kilomita 120.

Kumbuka pia kwamba Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hivyo Impreza za wakati huo haziingii tena zikiwa nzima. Zilizopo ndizo zilizopo, na wenyewe wanazipenda kwa dhati. Wapo wanaokumbuka Colin McRae akiishinda Safari Rally ya 1997 na Richard Burns ile ya 2000, wote ndani ya Impreza, na wapo vijana waliozaliwa baadaye wanaozijua hizo tarehe kama siku zao za kuzaliwa. Vitu ambavyo havitengenezwi tena, kama taa za mbele, bampa, spoila ya nyuma na kioo kizima cha mlango, usiviharakishe. Taa zangu mbili za mbele zilikaa miezi mitano, watu wakizidharau bei, kisha akaja aliyezihitaji.

Mpangilio wa kuuza una maana. Watu watataka kuanza na minofu: turbo, breki, viti. Ukiiachia yote wiki ya kwanza utabaki na mifupa. Nilikuwa nikimwambia anayetaka turbo, chukua na intakula na paipu zake nikupunguzie. Wengi walikubali.

Tangazo na mteja mlangoni

Picha zipigwe kivulini asubuhi, juu ya kitambaa cheupe, na kasoro ipigwe karibu kuliko kitu chenyewe. Bampa langu lilikuwa na ufa wa kidole kimoja chini ya taa ya ukungu. Nikaweka shilingi ishirini kando ya ufa ili ukubwa uonekane. Aliyelinunua hakuuliza lolote juu yake alipofika, alikuwa ameshaamua akiwa nyumbani. Andika aina kamili ya gari, mwaka, namba ya spea, na maneno mawili matatu ya ukweli. Usiandike "kama mpya".

Simu nyingi zitaanza na "Bei ya mwisho?" Nami nilikuwa nikijibu, "Njoo uone kwanza, tutaelewana." Kupatana bei ni haki ya mnunuzi na mimi naipenda, ila kushusha bei ya kitu ambacho mtu hajakitia machoni ni kujipunguzia bure, kwa sababu akifika ataanza upya kutoka hapo uliposhukia.

Anayetaka kuwekewa kitu alipe arbuni, na mwandikie siku ngapi utamngojea na arbuni inarudi au hairudi. Nilingoja siku tatu.

Dhamana nilitoa siku saba kwa injini na giaboksi, kuanzia siku ya kufungwa na fundi, na mteja anitumie video siku hiyo. Vitu vya umeme tulivijaribu mbele yake kwa betri, vikishatoka mlangoni havirudi. Hapa ndipo ile rangi ya kucha iliponiokoa. Mteja mmoja alirudi na turbo inayovuja, anasema ni yangu, ana hasira, watu wamejaa mlangoni. Nikafungua daftari, nikamwonyesha picha na mahali pa nukta. Turbo aliyoleta haikuwa na nukta. Alinyamaza, akapiga simu kwa fundi wake, wakagombana kwa muda. Jioni alinirudia kuomba radhi: turbo yangu ilikuwa bado iko gereji, fundi alikuwa amempa ile mbovu ya mtu mwingine.

Pesa

Usiutazame ujumbe, tazama salio lako mwenyewe. Ujumbe wa kughushi unafanana sana na wa kweli, na mtu mwenye haraka ndiye wa kumtilia shaka. Mwambie angoje, mpe maji ya kunywa, fungua simu yako uhakikishe. Muamala mmoja wa M-Pesa hauzidi shilingi 250,000, kwa hivyo kwa injini na giaboksi pamoja pangeni mapema mtalipana vipi. Kuna pia anayelipa, anachukua mali, kisha anaomba pesa zirudishwe akidai alikosea namba. Dawa yake ni risiti ya nakala mbili, yenye sahihi yake, namba yake ya simu, namba ya muamala na namba ya spea. Niliandika risiti hata kwa kioo cha pembeni.

Kusafirisha

Sehemu kubwa ya spea za gari hili zilikwenda Mombasa na Nairobi kwa basi la usiku. Mwaga oili yote ya giaboksi na ziba matundu, la sivyo itachafua mizigo ya watu na utalipa. Kitu kizito kikae ndani ya sanduku la mbao. Seremala alinitengenezea matatu kwa mbao za kuokota. Kwa kujazia pembeni nilitumia makumbi ya nazi, yapo bure na yanashika vizuri kuliko magazeti, ila kitu kifungwe nailoni nzito kwanza, kikiwa kikavu kabisa, maana makumbi huvuta unyevu na nyuzi zake huingia kila tundu.

Intakula niliituma kwa boksi la karatasi. Ilifika na mapezi yamelala upande mmoja kama nyasi zilizokaliwa na ng'ombe. Kampuni ya basi ikasema niliwapa hivyo, nami sikuwa na picha ya pale kaunta. Nikamrudishia mteja nusu ya pesa zake. Tangu siku hiyo nikapiga picha sanduku likiwa wazi, likifungwa, na likiwa juu ya mizani ya kaunta pamoja na risiti ya mzigo.

Ganda

Mwisho hubaki ganda na takataka zake. Kabla ya kuliachia, angalia kata, ile sehemu ya ekzosi yenye masega ndani, kama bado ipo. Ina platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wa vyuma hupenda kuipima kwa kilo pamoja na bati. Iuze peke yake.

Ganda lenyewe muuzie mtu mwenye leseni tu. Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inadai hivyo, na baada ya serikali kusimamisha biashara hiyo Januari 2022 kwa sababu ya wizi wa vyuma vya umeme, polisi wanaangalia kwa makini. Kwenye risiti iandikwe namba ya chesisi na kwamba ganda limeuzwa kama chuma chakavu. Kisha sahani za namba na logbuku zirudishwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, gari lifutwe kwenye usajili. Usiipuuze hatua hii; gari ambalo halijafutwa bado ni lako, na chochote kitakachofanywa kwa namba zake kitakuja kubisha mlango wako.

La kwetu lilibebwa na kanta siku ya Jumamosi. Nililisafisha kwanza, nikafagia vioo na mchanga uliokuwa chini ya zulia, nikakuta sarafu mbili na kibanio cha nywele cha binti yake mdogo wangu. Nikampigia video hadi Doha. Alitazama kimya, kisha akauliza kama yule kijana wa Kilifi ameshatuma video ya giaboksi ikiwa imefungwa. Alikuwa ameituma. Nikamtumia, nikarudi ndani kuandika tarehe kwenye ukurasa wake.